Jinsi Mwanga Unavyogeuza Vioevu Kuwa Plastiki

Mwaka 1872 mwanakemia Mjerumani, Eugen Baumann, aliifungia vinili kloridi ndani ya mirija ya kioo na kuiacha juani. Baada ya muda ilionekana humo mata nyeupe, ngumu, ambayo haikuyeyuka kwa urahisi. Mata hiyo ndiyo ile ambayo leo hutengenezewa mabomba ya maji na viatu vya mvua, yaani PVC. Baumann hakuwa na namna ya kueleza kilichotokea, kwa kuwa wazo la molekuli ndefu kama mnyororo lilikuja kutetewa na Hermann Staudinger mwaka 1920 tu, tena kwa ubishi mkubwa. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: nuru ya jua, bila moto wala kemikali nyingine, ilikuwa imefanya kazi ya kuunganisha.

Hata hivyo jua ni fundi mvivu katika kazi hii. Mirija ya namna ile yahitaji kusubiriwa kwa muda mrefu, na hakuna kiwanda kinachoweza kwenda kwa mwendo huo. Leo daktari wa meno hujaza tundu la jino kwa uji laini, akaumulika kwa taa ya buluu kwa nusu dakika, na uji ukawa mgumu kama jiwe. Nuru ya taa hiyo ni dhaifu kuliko ile sehemu kali ya nuru ya jua ambayo kemikali hizo huihitaji zikiwa peke yake. Inakuwaje basi nuru dhaifu ifanye upesi kazi ambayo nuru kali huifanya polepole?

Jibu halina budi kuanzia kwenye molekuli zenyewe. Ukoo wa vinili ni mkubwa. Humo imo ethilini, inayotoa polithini ya mifuko. Stirini, inayotoa plastiki nyepesi nyeupe ya kufungashia vyombo. Akrilonitrili, inayotoa nyuzi za sufu bandia. Na methilimethakrilati, inayotoa plastiki angavu ya taa za nyuma za magari. Zote zina alama moja ya ukoo, nayo ni atomu mbili za kaboni zilizoshikana kwa kifungo maradufu. Mfano wake ni watoto wawili walioshikana mikono yote miwili. Wakiachana mkono mmoja mmoja hawatengani, kwa maana mikono mingine bado imeshikana. Lakini sasa kila mmoja ana mkono huru wa kumshika mwenzake wa pembeni. Molekuli moja ya namna hii huitwa monoma. Mnyororo wa maelfu yake huitwa polima, na tendo la kuziunganisha ni upolimishaji.

Shida ni kwamba hakuna mtoto anayeachia mkono kwa hiari. Lazima aje mchokozi wa kwanza. Mchokozi huyo kwa kawaida ni radikali, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni moja isiyo na mwenzi. Radikali hukivamia kifungo maradufu, hujishikiza upande mmoja, na upande wa pili hubaki elektroni nyingine pweke. Hiyo nayo huvamia monoma inayofuata, na mnyororo hurefuka kwa maelfu ya hatua, mara nyingi katika muda wa sekunde moja au chache. Radikali moja ikizaliwa, kazi iliyobaki hujiendesha yenyewe na hata hutoa joto. Kwa hiyo swali la upolimishaji, kwa sehemu kubwa, ni swali la mwanzo: radikali ya kwanza itatoka wapi?

Njia ya kawaida ni kutumia peroksidi, ambayo kifungo chake kati ya atomu mbili za oksijeni ni dhaifu na hukatika ikipashwa joto la nyuzi 60 hadi 80 za sentigredi. Njia hiyo yafaa kiwandani. Haifai mdomoni mwa mgonjwa, wala haifai pale inapotakiwa sehemu moja tu ya kitu iwe ngumu na nyingine ibaki kioevu. Joto huenea kila mahali. Mwanga huenda unakoelekezwa, na taa ikizimwa huwa umekwisha.

Nuru hufika kwa vipande viitwavyo fotoni, na nishati ya fotoni hutegemea urefu wa wimbi lake: wimbi likiwa fupi, nishati ni kubwa. Moli moja ya fotoni za nanomita 300, ambazo ni za mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, huleta kilojuli zipatazo 400. Fotoni za buluu za nanomita 468 huleta kama kilojuli 256, na nyekundu za nanomita 650 huleta 184 tu. Lakini nishati pekee haitoshi. Theodor Grotthuss mwaka 1817, na baadaye John Draper mwaka 1841, walibainisha kwamba nuru inayoweza kufanya kazi ya kikemia ni ile tu iliyofyonzwa. Inayopita haifanyi kitu. Methilimethakrilati safi ni kioevu kinachofanana na maji. Kule kufanana na maji ni ushahidi kwamba nuru yote inayoonekana hupita ndani yake bila kuguswa. Kinachofyonzwa ni mawimbi mafupi, chini ya nanomita 300, na mawimbi hayo hayafiki ardhini kwa wingi kwa sababu ya ozoni iliyo juu angani. Yanayobaki huzuiwa na kioo cha chupa. Hiyo ndiyo asili ya uvivu wa jua.

Mtu angeweza kuwasha taa ya zebaki inayotoa nanomita 254. Taa hiyo huunguza macho na ngozi, na miale yake huweza kuharibu polima ile ile iliyokusudiwa kujengwa. Ingekuwa heri kupata kitu cha kunasa nuru laini, ya buluu au urujuani, kikaigeuza kuwa radikali. Hapa ndipo unapoingia uhamisho wa chaji.

Mwalimu aliye na iodini katika maabara anaweza kuonyesha msingi wa jambo hili kwa dakika mbili. Atie chembe chache za iodini katika heksani: kioevu kitakuwa cha rangi ya zambarau, kama mvuke wa iodini wenyewe. Atie chembe nyingine katika ethanoli: kioevu kitakuwa cha kahawia. Iodini ni ile ile. Katika heksani molekuli zake hazina wa kuzisumbua, lakini katika ethanoli kila molekuli ya iodini hukaa karibu na atomu ya oksijeni yenye elektroni za ziada, na ujirani huo hubadili nuru inayofyonzwa.

Mwaka 1949 H. A. Benesi na J. H. Hildebrand, huko California, walipima nuru inayofyonzwa na iodini iliyoyeyushwa katika benzini. Walikuta ufyonzaji mpya, tena mkubwa, kwenye nanomita 297, ambao haukuwa wa benzini peke yake wala wa iodini peke yake. (Benzini hii ya maabara si petroli, nayo huleta saratani, jaribio hilo lisomwe vitabuni, lisifanywe darasani.) Maelezo yalitolewa na Robert Mulliken mwanzoni mwa miaka ya 1950. Molekuli moja, mtoaji, ina elektroni isiyoshikwa sana. Nyingine, mpokeaji, ina nafasi na hamu ya elektroni. Zikikaribiana hushikamana kwa nguvu ndogo sana, pengine kilojuli zisizofika 10 kwa moli, ambapo kifungo cha kawaida cha kaboni kwa kaboni kinahitaji kama 350 kukatwa. Wanakemia huuita muungano huo changamano la uhamisho wa chaji. Hapa utaitwa jozi kwa kifupi.

Uzuri wa jozi ni kwamba fotoni ikiipiga, elektroni haihitaji kupandishwa hadi kwenye dari ya nyumba yake yenyewe. Yavuka tu kizingiti na kuingia kwa jirani. Nishati inayohitajika, kwa hesabu ya Mulliken, ni gharama ya kumwondolea mtoaji elektroni, toa faida anayoipata mpokeaji, toa tena mvutano wa chaji mbili zilizotengana, moja chanya na moja hasi. Mtoaji akiwa mkarimu na mpokeaji akiwa mroho, gharama hushuka hadi nuru ya buluu, au hata nyekundu, ikatosha. Ndiyo maana vioevu viwili visivyo na rangi vikichanganywa huweza kutoa ghafla rangi ya manjano au ya chungwa. Rangi hiyo ni ya jozi, wala si ya mmoja wao.

Baada ya elektroni kuvuka, mtoaji amekuwa radikali yenye chaji chanya, na mpokeaji radikali yenye chaji hasi. Mtu angetazamia kwamba hapo kazi imekwisha na minyororo ianze kukua. Sivyo. Elektroni iliyovuka ina njia fupi kabisa ya kurudi kwao, na aghalabu hurudi katika muda mdogo kuliko sehemu ya bilioni ya sekunde. Nuru imefyonzwa, joto kidogo limetoka, na hakuna kilichozaliwa. Katika jozi nyingi huo ndio mwisho wa habari. Ili upolimishaji uanze, lazima jambo fulani litokee kabla elektroni haijarudi: kiyeyushi chenye ncha za umeme kiwatenganishe wawili hao, au mmoja wao avunjike, au protoni ihame. Jambo hili linastahili kukaziwa, kwa sababu wanafunzi wengi, na hata watafiti wa zamani, wamekuwa wepesi wa kuona rangi mpya na kusema kianzishi kimepatikana. Rangi huonyesha kwamba elektroni huweza kuvuka. Haionyeshi kwamba polima ilitokana na safari hiyo.

Kisa cha vinilikabazoli ni funzo zuri. Hii ni monoma ya vinili iliyoungana na pete zenye naitrojeni, na ni mtoaji hodari wa elektroni. Mwaka 1963 H. Scott, G. A. Miller na M. M. Labes huko Marekani, na L. P. Ellinger katika taarifa yake mwenyewe mwaka huo huo, walieleza kwamba vinilikabazoli ikichanganywa na mpokeaji kama kloranili hutoa rangi, kisha hugeuka polima. Jina la upolimishaji wa uhamisho wa chaji likaenea haraka. Miaka michache baadaye wanakemia wa Japani waliisafisha kloranili kwa uangalifu mkubwa, wakaona nguvu yake imepungua mno. Sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ya jozi, gizani, ilikuwa ikifanywa na asidi kidogo inayotokea kloranili inapoguswa na maji. Jozi ilikuwapo kweli, na rangi ilikuwapo kweli, lakini mtendaji alikuwa mwingine.

Kwa nuru mambo yalikuwa tofauti, nayo yalichunguzwa kwa kina Kyoto na S. Tazuke na wenzake, na Osaka na Y. Shirota na H. Mikawa. Vinilikabazoli ile ile, ikimulikwa pamoja na mpokeaji, huweza kwenda njia tatu. Katika kiyeyushi kinachozishika sana chaji chanya, mnyororo wa kationi hauwezi kukua, na polima hutokea kwa njia ya radikali. Katika kiyeyushi kisichozishika, chaji chanya yenyewe ndiyo inayovamia monoma, na mnyororo wa kationi hukua. Pengine njia zote mbili huenda sambamba ndani ya chupa moja. Na katika baadhi ya viyeyushi, oksijeni ikiwamo, haitoki polima yoyote: monoma mbili hufungana na kufanya pete ndogo ya kaboni nne, basi.

Mwanafunzi atauliza inajulikanaje ni njia ipi iliyofuatwa, ilhali hakuna awezaye kuona radikali kwa macho. Jaribio moja la zamani ni la werevu kiasi cha kufaa mtihani. Mwaka 1950 Cheves Walling na wenzake walipolimisha mchanganyiko wa stirini na methilimethakrilati kwa viasi sawa. Radikali hazibagui sana baina ya hizo mbili, kwa hiyo polima iliyotoka ilikuwa na karibu nusu kwa nusu. Kationi huipenda stirini, na polima ikawa karibu yote stirini. Anioni huipenda methilimethakrilati, na ikawa kinyume chake. Kwa hiyo mtafiti mwenye jozi mpya huweza kuitia katika mchanganyiko huo, akaumulika, kisha akauliza polima yenyewe imetengenezwa na nini. Ushahidi mwingine ni oksijeni, ambayo huzinasa radikali na kuzizuia kufanya kazi, lakini kationi haziijali sana. Maji na besi huzidhuru kationi bila kuzigusa radikali. Na ushahidi wa mwisho, ambao haupaswi kukosekana, ni wa nuru yenyewe: upolimishaji uende kasi pale jozi inapofyonza, na usimame pale ambapo mpokeaji au mtoaji peke yake ndiye anayefyonza. Wakati mwingine ncha za minyororo nazo huchunguzwa. Huko Calcutta, katika miaka ya 1970, Premamoy Ghosh na wenzake walitumia jozi ya kwinolini na bromini kupolimisha methilimethakrilati kwa nuru. Jozi ya namna hiyo huachia atomu za bromini, na bromini ikikutwa kwenye ncha ya mnyororo, mwanzilishi amejulikana.

Sasa inafaa kurudi kwa daktari wa meno. Uji wake ni mchanganyiko wa monoma za methakrilati, za aina iliyobuniwa na Rafael Bowen wa Marekani kuelekea mwaka 1962, pamoja na unga laini sana wa kioo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uji huo ulikaushwa kwa taa za urujuanimno. Kufikia mwisho wa miaka hiyo taa za buluu zilikuwa zimeanza kushika nafasi. Kilichowezesha badiliko hilo ni kwinoni itokanayo na kafuri, ile ile ambayo watu wa pwani huijua kwa harufu yake. Kwinoni ya kafuri ina rangi ya manjano na hufyonza hasa nanomita 468. Ikiwa peke yake ni mvivu. Ikiwekwa pamoja na amini, ambayo ni mtoaji, mambo hubadilika.

Hapa utaratibu umegeuzwa. Gizani kwinoni na amini hazifanyi jozi ya maana. Kwanza kwinoni hunasa nuru na kusisimka, na katika hali hiyo ya msisimko inakuwa mroho wa elektroni. Ndipo inapoikaribia amini na kuvuta elektroni. Ni jozi inayozaliwa baada ya nuru, wala si kabla yake. Na mara elektroni inapovuka, protoni kutoka kwenye kaboni iliyo jirani na naitrojeni ya amini huifuata. Sasa kurudi kumekuwa kugumu, kwani elektroni na protoni zimehamia pamoja. Amini iliyonyang'anywa hubaki radikali kali, na hiyo ndiyo inayoanzisha minyororo. Radikali iliyotokana na kwinoni yenyewe haifanyi kazi hiyo. Kazi yake kubwa ni kukatiza minyororo ya wengine. Yote haya hutokea jinoni, kwa joto la mwili la nyuzi 37.

Daktari hujaza tundu kwa matabaka ya milimita 2 hivi, akimulika kila tabaka kwa sekunde 20 hadi 40. Hafanyi hivyo kwa kupenda kuchelewa. Kwinoni iliyo juu hunyonya nuru, unga wa kioo huitawanya, na ya chini hupata masazo. Akijaza kwa mara moja tundu refu, juu patakuwa jiwe na chini patabaki uji, na mgonjwa atarudi akiwa na maumivu. Aidha uso wa tabaka, ambao hugusana na hewa, hubaki na utando wa kunata, kwa sababu oksijeni imezinasa radikali za hapo. Hiyo ni kemia ile ile ya oksijeni na radikali, ikionekana kwa ncha ya kidole.

Je, jozi ya kweli, iliyofungwa gizani kabla ya nuru, ina nafasi yoyote katika kazi za leo? Kwa muda fulani ilionekana kama jambo la maabara tu. Katika miaka ya 1990 Sonny Jönsson, Charles Hoyle na wenzao walionyesha kwamba maleimidi, ambazo ni wapokeaji, zikichanganywa na etha za vinili, ambazo ni watoaji, hupolimika kwa nuru bila kianzishi chochote kuongezwa, na rangi za kupaka zikakauka hivyo. Wengine walisema ni jozi inayofanya kazi. Wengine walisema maleimidi iliyosisimka hunyakua atomu ya haidrojeni tu. Ushahidi kwa mchanganyiko huo uliegemea sana upande wa pili, na onyo la kloranili halikuwa limepitwa na wakati.

Ushahidi ulio imara zaidi kwa upande wa jozi umetoka Mulhouse, Ufaransa. Mwaka 2018 Patxi Garra, Jacques Lalevée na wenzao walieleza mchanganyiko wa amini zenye pete na chumvi za iodonia. Kila moja peke yake haifyonzi vya kutosha nuru ya nanomita 405, lakini zikiwa pamoja hutoa jozi yenye rangi inayoifyonza. Ustadi uko kwa mpokeaji. Iodonia ikishapokea elektroni huvunjika papo hapo, na kuachia radikali. Nyumba ya jirani imebomoka, na elektroni haina pa kurudia. Kwa nuru hiyo walichapa vitu vidogo vyenye sehemu za upana wa maikromita 50, na katika jaribio jingine waliifanya resini kuwa ngumu kwa kina cha sentimita 31.

Kina hicho kinashangaza kikilinganishwa na milimita 2 za daktari, ingawa resini angavu si sawa na uji wenye unga wa kioo. Maelezo yake ni mepesi. Jozi inapotumika, rangi yake hutoweka. Tabaka la juu likishakauka huwa angavu, na nuru hupita na kulifikia linalofuata, na hivyo hivyo kuteremka.

Linalobaki kuwasumbua watengenezaji ni rafu ya duka. Mtoaji na mpokeaji wakichaguliwa kuwa hodari mno, elektroni huweza kuvuka kwa joto la kawaida tu, na mchanganyiko ukaganda ndani ya chupa kabla ya kuona taa. Wakiwa dhaifu mno, jozi haifyonzi nuru ya buluu. Kwa baadhi ya michanganyiko hiyo njia iliyopo ni kuviweka vitu viwili katika vyombo viwili, na kuvichanganya saa ile ya kazi.